Bangili Iliyompigia Mama Mkwe

Mwokaji hakuogopa moto, wala hakuogopa wakaguzi wa afya wanaoingia jikoni bila hodi. Alimwogopa mama mkwe wake. Mama yule alikuwa hakimu kwa miaka mingi, na alipostaafu, macho yake hayakustaafu. Tangu harusi, mazungumzo yao hayakuwahi kuvuka "shikamoo mama" na "marahaba". Baada ya hapo mwokaji angekumbuka ghafla kwamba kuna kitu amekisahau nje.

Mkewe alikuwa mtafiti chuo kikuu. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza bangili ya mpira inayosoma misuli ya mkono, ili mtu aiamrishe simu bila kuigusa. Ukikunja ngumi, unapokea simu. Ukizungusha kiganja, sauti inapanda. Ukisukuma kiganja mbele mara mbili, simu inampigia mtu uliyemchagua. Kule maabara bangili ilitii bila ubishi, lakini walioijaribu walikuwa wamekaa vitini, mikono mikavu, hawana haraka na mtu.

"Nataka mkono wenye kazi," mkewe alimwambia huku akimvalisha. "Simu iweke kwenye rafu, wewe endelea na shughuli zako. Mwisho wa wiki nitakuja kuona imekosea wapi."

"Na ikimpigia mtu?"

"Nimeweka namba ya mama. Yeye hakosi kupokea."

Mwokaji alijiapiza moyoni kwamba kiganja chake hakitasukuma hewa hata kwa bahati mbaya. Hakukumbuka kwamba kukanda unga ni kusukuma kiganja mbele asubuhi nzima.

Basi akawa anakanda, na kama kawaida yake, anaimba. Alikuwa na wimbo mmoja wa mapenzi aliourudia mpaka majirani wakaujua. Katikati ya ubeti aliongea na unga, akaigombeza hamira kwa uvivu, akalisifu tanuri. Siku moja, donge likiwa limenona mezani, akalipiga kofi la mahaba.

"Leo uumuke vizuri, mpenzi," akaliambia. "Nikupeleke kwa mama mkwe, labda atatabasamu. Yule mama akinitazama, haki ya nani, najihisi nimeiba."

"Umeiba nini?" ikauliza sauti kutoka kwenye rafu.

Mwokaji akapigwa na butwaa. Mikono ilikuwa imezama kwenye unga hadi viwikoni. Akaichomoa, akazungusha kiganja kwa pupa ili akate simu, na sauti ikapanda hadi ikajaa jiko zima.

"Nasema, umeiba nini?"

"Sijaiba, mheshimiwa! Mama! Shikamoo mama!"

"Marahaba. Basi endelea. Ila ubeti wa pili huwa unauharibu."

"Huwa?"

"Simu yako inanipigia kila asubuhi wiki hii. Siku ya kwanza niliita haloo, haloo, nawe unagombeza hamira hunisikii, mpaka nikachoka. Nikataka kukata, ndipo ukaanza kuimba. Tangu nistaafu, asubuhi zangu hazina mtu wa kusema neno. Nikaiweka simu kando ya kikombe cha chai."

Mwokaji akafuta mikono kwenye aproni. "Kwa hiyo… umesikia yote?"

"Nimesikia ukimsifu binti yangu mbele ya magunia ya unga, ukidhani hakuna anayekusikia. Ushahidi wa namna hiyo, mwanangu, mahakamani niliupata kwa nadra sana."

Mwanangu! Mwokaji akasimama palepale, mikono hewani, akicheka bila sauti kama aliyetekenywa.

Mkewe alipokuja kuchukua kumbukumbu za bangili, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Nilijua itakosea," alisema huku akifuta machozi, "lakini si hivi!" Kazini hawakuwahi kuipa bangili mkono unaokanda. Akachukua kumbukumbu zote za wiki ile, akaufundisha mfumo upya, na jioni akarudi na bangili inayojua tofauti ya kukanda na kupiga simu.

Kesho yake simu ikakaa kimya. Mwokaji akaimba, lakini kila mara jicho lilimkimbilia kwenye rafu. Angeweza kumpigia mwenyewe, kiganja mbele, mbele tena, basi. Kila akijaribu, mkono uliishia njiani. Utampigia hakimu useme nini?

Mikate ya kwanza ilikuwa bado tanurini mlango ulipogongwa. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na mkoba kwapani, mgongo wima.

"Mbona leo sikupigiwa?"

"Shikamoo mama. Imetengenezwa, mama."

"Nani aliomba itengenezwe?"

Mwokaji akaangua kicheko, mara ya kwanza mbele ya mama yule, na kicheko kikamwambukiza mama naye. Kilimtoka kwa kukwama kwama mwanzoni, kisha kikafunguka, mpaka akashika fremu ya mlango. Alipopata pumzi, akavua saa, akaomba aproni.

Siku ile mama alikanda donge lake la kwanza, gumu kama tofali, na mwokaji akamwambia hivyo hivyo waziwazi. "Napinga," alisema, akalianza upya. Ubeti wa pili akamfundisha neno kwa neno, akipiga meza kwa kiganja chenye unga.

Wateja walipojaa dirishani, mtafiti akapita akielekea kazini, akamkuta mama yake kwenye kaunta. Foleni ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula. Mtu mmoja mwenye haraka alijaribu kuchomekea mbele, akakutana na macho yale, akaomba radhi na kurudi nyuma mwenyewe.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Siwezi kuongea, niko kazini," mama akamjibu, akamwekea mkate wa moto mkononi. "Nenda nyuma ya foleni, binti yangu, kama wenzako."