Saini ya Jirani wa Nyuma

Bi Sindano aliingia ofisi ya vibali vya ujenzi Alhamisi asubuhi akitembea kama bibi harusi. Fomu yake ilikuwa na saini thelathini na moja: kinyozi, muuza mkaa, mpaka fundi viatu wa mtaa wa tatu. Karani akazipitia kwa ncha ya kalamu, akashusha pumzi.

"Mama, hawa ni marafiki zako. Mimi nataka majirani."

"Jirani si ndiye anayekujulia hali?"

"Kwetu jirani ni aliyepakana na kiwanja chako. Wako ni wanne. Watatu nimewaona. Wa nyuma yuko wapi?"

Wa nyuma! Miaka sita ukuta mmoja, hawajaonana uso kwa uso, ila wamerushiana maneno ya kujaza pipa. Bi Sindano alimbandika jina Mzee Kikohozi.

"Kamati inakaa kesho saa tatu," karani akasema. "Si lazima akubali. Asaini tu kwamba amepewa habari. Akiwa na pingamizi, aliandike. Bila hivyo, faili linangoja miezi sita."

Miezi sita! Wanafunzi wake wanane wa ushonaji walishonea koridoni, wakirukwa na kila aendaye chooni, na chuo kinachowatahini kilishasema: bila darasa, hakuna mtihani mwaka huu. Darasa ndilo hilo alilotaka kulijenga juu ya nyumba.

"Mghushie saini, shoga," rafiki yake akamshauri. "Nani atajua?"

"Atajua yeye, siku tofali la kwanza likipanda."

Akajifunga khanga kiunoni, akazunguka mtaa mzima, akabisha hodi. Akafungua mzee mwembamba mwenye miwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ah! Wewe ndiye Bi Kicheko?"

"Nani?"

"Unacheka huko mpaka vikombe vyangu vinatetemeka."

"Basi wewe ndiye Mzee Kikohozi."

Mzee akakohoa. Bi Sindano akamweleza shida yake, akampa ramani ya darasa; mzee akaipitia, kidole kikasimama.

"Madirisha matatu, yote yananiangalia. Binti yangu mgonjwa, jua lake ni hapa uani tu. Hana pengine. Sisaini."

Bi Sindano akachungulia. Msichana alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu wazi, macho kafumba. Akamgeukia mzee, akamnyoshea kalamu.

"Saini, baba, halafu andika hivyo hivyo ulivyosema. Nitaipeleka mimi."

"Nikupinge, na barua uibebe wewe?"

"Kwa mkono huu. Lakini tupime kwanza." Akavuta futi kamba shingoni, akaisimamisha ukutani. "Dirisha likianzia futi sita toka sakafuni, mwanga utaingia, macho yatabaki kwenye nguo."

"Na anayepanda kwenye stuli?"

"Nitamshusha mwenyewe."

"Saba."

"Sita na nusu."

"Saba, mama."

"Haya, saba. Andika."

Mzee akaandika pingamizi lake na zile futi saba, ukurasa mzima kwa mwandiko wa kunyooka, akasaini. "Na hicho kicheko?"

"Hicho hakimo kwenye ramani, baba."

Ijumaa saa mbili unusu, karani alisoma karatasi mara mbili. "Umeleta pingamizi dhidi yako mwenyewe?"

"Na mchoro uliorekebishwa huo chini yake. Mchoraji nimemtoa kitandani alfajiri. Gonga muhuri, mwanangu."

Karani akagonga. Faili likaingia kwenye kamati, mlango ukafungwa. Bi Sindano akaburuta kiti, akakiweka mbele ya mlango ule ule, akakaa kungoja jibu. Atakayetoka atamruka yeye kwanza.