Ubao wa Ewart

Mavis alibwaga mkono wa simu kwa kishindo, kikombe cha chai kikaruka mezani. Nesi wa hospitali alikuwa amemwambia, tena kwa sauti tamu kama anampa zawadi, kwamba mzee Alwyn ataruhusiwa Ijumaa, ila harudi kwenye chumba kile chenye ukungu. Mapafu yake yalishaliwa na vumbi la mgodi wa makaa, hayawezi kustahimili unyevu tena. Ngazi hapandi. Kama nyumbani hakuna chumba kikavu huko chini, basi atapelekwa makao ya wazee.

Makao ya wazee! Mume aliyeishi naye miaka arobaini na tatu akalishwe uji na watu asiowajua, eti kisa ukuta!

Na ukuta wenyewe haukujengwa na mtu baki. Uliujenga mkono wa Ewart, kaka yake mkubwa, mwashi ambaye mji mzima wa Maryport ulimsifia unyoofu wa mistari yake ya matofali. Miaka kumi na tisa sasa, kila majira ya baridi, upepo wa baharini ukileta mvua ya kulalia upande, doa jeusi lilipanda kutoka sakafuni. Na kila mwaka Ewart alikuja, akaugusa ukuta kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa.

"Ukuta hauna kosa, Mavis. Ni birika lako hilo. Unachemsha maji kutwa kucha, mvuke unafikiri unakwenda wapi? Fungua madirisha."

Naye akafungua, Januari, jamani! Alwyn alikaa ndani ya nyumba yake mwenyewe na koti na kofia, anakohoa mpaka machozi, na mkewe kaacha dirisha wazi kwa sababu fundi kasema. Nguo alianika kwa jirani. Chai alikunywa ya vuguvugu. Alijiona mke mzembe anayemwua mumewe kwa mvuke wa chai.

Basi Jumatano ile ya simu hasira zilimpanda mpaka kichwani. Aliingia bandani, akatwaa nyundo na tindo ya Alwyn, akatoka nje kwenye manyunyu, akapiga magoti katikati ya maua yake mwenyewe na kuanza kulishambulia tofali la chini. Alijigonga kidole gumba, akatukana tusi ambalo mama yake angemwosha mdomo kwa sabuni. Hakuacha. Baada ya nusu saa tofali likatoka.

Baba yao naye alikuwa mwashi, kwa hiyo Mavis alijua anachokitafuta. Kuta za huko ni mbili zilizosimama bega kwa bega, na kati yake pana pengo la vidole vitatu. Pengo hilo sharti liwe tupu. Mvua ikipenya ukuta wa nje hutiririka humo ikaenda zake, wa ndani usijue kitu. Akaingiza mkono aupapase utupu.

Mkono haukupita. Mlikuwa mmejaa saruji iliyodondoka, vipande vya matofali na pakiti ya sigara, lundo la kufika magotini, limelowa chapachapa na limegandamana na ukuta wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako! Akang'oa tofali la pili, la tatu, akachokora kwa hasira, mwisho akavuta ubao mwembamba wenye kipande cha kamba iliyooza.

Ubao huo kila mwashi anao. Unalazwa ndani ya pengo udake saruji inayodondoka, na kila baada ya mistari sita ya matofali unavutwa juu kwa kamba, unakwanguliwa, unarudishwa. Baba yao alikuwa akimchapa kwa mpini wa mwiko yeyote aliyeusahau. Mavis akaufuta kwa aproni. Mwishoni palichomwa jina kwa msumari wa moto: EWART.

Na Jumatano Ewart huja kunywa chai. Aliegemeza baiskeli yake getini, akapiga ukelele.

"We Mavis! Umeingiwa na wazimu? Unabomoa nyumba?"

"Karibu, fundi. Njoo ulione birika langu."

Alipouona ubao, rangi ilimtoka usoni.

"Kamba ilikatika," alisema. "Ilikuwa Ijumaa. Basi la kwenda kwenye fainali ya raga lilikuwa barabarani linapiga honi. Nikasema nitautoa Jumatatu."

"Jumatatu ikawaje?"

"Kuufikia ilibidi nibomoe kazi ya siku nzima. Nikaona... nikaendelea tu."

"Bila ubao."

"Bila ubao."

"Kwa hiyo ulipokuwa unanigusia ukuta kwa kidole chako hicho, ulikuwa unajua?"

Ewart alivua kofia, akaizungusha mkononi. "Nilijua."

"Loh! Shetani mkubwa wee! Miaka kumi na tisa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Mume wangu anatapika mapafu, mimi namfungulia dirisha, na wewe umekaa kwenye kiti changu unakula keki yangu!"

"Nitausafisha, dada. Leo hii, kwa mikono yangu."

"Na ukuta utakauka lini?"

"Labda kiangazi."

"Alwyn anatoka keshokutwa!"

"Basi aje kwangu," Ewart alisema haraka haraka, apate kumpoza. "Niko peke yangu tangu mke wangu afariki. Chumba changu kiko chini, kikavu kama biskuti."

Mavis akaokota nyundo. Matone ya mvua yalimdondoka puani, hakuyafuta.

"Kikavu. Kwako ubao uliuvuta?"

Ewart alitazama viatu vyake. "Kila mstari wa sita."

Nyundo ilikuwa mkononi mwa Mavis, na Mungu peke yake ndiye aliyemzuia.

"Sasa nisikilize vizuri. Ijumaa Alwyn analala kwako, kitandani kwako, na mimi niko ubavuni pake. Wewe unahamia hapa, kwenye chumba chake, mpaka ukuta ukauke."

"Lakini Mavis, kifua changu nacho..."

"Kifua chako?" alisema Mavis. "Umesema kifua chako?"

Ewart akaokota tindo, akapiga magoti ukutani.

Ijumaa jioni, Alwyn alipokwisha kulazwa mahali pakavu na kushiba mchuzi wake wa kondoo na viazi, Mavis alirudi nyumbani kuchukua birika. Matofali ya chini yalikuwa yamechokonolewa yote, lundo la uchafu limejaa toroli. Ewart alikuwa kitandani kwa Alwyn na koti lake na kofia yake, vidole vimechubuka, doa jeusi liko usawa wa kichwa chake. Akakohoa.

Mavis alisimama mlangoni akamtazama. Kisha akakatiza chumba, akafungua dirisha lote.

"Ni pumzi zako hizo, kaka," alisema, akachukua birika lake akaenda zake.