Tandala Aliyehudhuria Mnada Wake

Marlene Kucera alikuwa akipanga kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, kwenye sinia wakati tandala dume alipoingia kwa mlango wa jikoni wa ukumbi wa parokia, akajikung'uta theluji, akaenda kusimama kando ya picha yake iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya mnada. Marlene alimwekea bakuli la kabichi, maana alionekana ametoka mbali.

Mnada wetu hufanyika kila mwaka kabla ya Kwaresima, na safari hii ulikuwa wa kununua ambulensi. Verlyn, mume wa Marlene, alikata roho sebuleni msimu uliopita wa baridi, ambulensi ya wilaya jirani ikiwa bado inahangaika na theluji. Marlene hakutaka hayo yamkute mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mnada, na alikuwa na hofu kwamba fedha hazitatosha.

Vitu vyote vilitolewa na wafadhili: blanketi la viraka, nusu ng'ombe, na safari ya kuwinda tandala Namibia, zawadi ya mwenye kampuni moja ya kuwindisha wageni huko.

"Siku saba, bure kabisa!" akanadi Duane Svoboda, dalali wetu.

"Bure mpaka ufike uwanja wa ndege!" akadakia mtu wa nyuma, ukumbi ukacheka. Walijua. Nauli juu yako, ada ya mnyama utakayemuua juu yako, kukausha kichwa chake na kukisafirisha juu yako, na mkeo akikununia, hilo nalo juu yako. Mwenye kampuni hapati hasara ng'o. Lakini fedha yote ya mnada inakwenda kwenye ambulensi, sasa nani alalamike?

Akashinda Lumir Novotny, rafiki wa marehemu Verlyn. Tandala akageuza shingo, akamtazama huku anatafuna. Lumir akakohoa.

"Duane, uza tena."

Ndiyo desturi yetu: ukitaka kusifiwa kwa ukarimu, unalipa, kisha unarudisha ulichonunua kinadiwe upya. Basi safari ikauzwa, ikarudishwa, ikauzwa tena. Kila aliyeshinda alitazamwa na tandala, na kila aliyetazamwa akaukumbuka ukarimu wake. Ilikuwa raha kuangalia. Mwishowe mikono ikachoka, na kwa hesabu ya fedha, ambulensi bado ilikuwa haina injini wala magurudumu.

Marlene akapanda jukwaani.

"Jamani, mmelipa wengi na hakuna aliyemchukua tandala. Tumwache aende zake. Kilichobaki tuchange tu."



"Tuchange tu?" akauliza Lumir kwa upole. "Hivi hivi, shemeji, bila kupata kitu?"

"Si mtapata ambulensi, Lumir!"

"Hiyo tunajua."

Watu wakajishughulisha na kolachi. Ni watu wazuri hawa, ndio waliobeba jeneza la Verlyn juu ya barafu, na Marlene alitamani kuwazaba makofi wote.

Tandala akaliacha bakuli, akapanda jukwaani taratibu, akasimama kuwaonyesha ubavu wake, vilevile kama pichani. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Akashinda Lumir tena, na mara hii hakukohoa wala kurudisha safari, kwa sababu tandala hakumtazama.

Ambulensi ilifika kabla ya Pasaka, nyeupe, king'ora kipya. Safari yake ya kwanza ilikuwa kumpeleka tandala uwanja wa ndege wa Omaha, arudi Namibia akawindwe, kwa kuwa pembe zake hazikuenea kwenye gari la Lumir. Marlene alikaa naye nyuma. Alimwambia, "Naona aibu," akamfunga mkanda vizuri, asije akaumia njiani.