Sauti ya Seremala

Mimi nina wivu, na sioni aibu kusema. Mke wangu alipoandika riwaya yake sikuulizwa kitu. Alipotaka kuisoma mwenyewe iwe kitabu cha kusikiliza, ndipo nikakumbukwa, kwa kuwa kazi yangu ni kurekodi sauti za watu. Tukatundika mablanketi ndani ya kabati la nguo, yeye akajibana humo na maikrofoni, mimi nikakaa kitandani na kompyuta, hedifoni masikioni. Mama mkwe, tunayemuuguza hapa nyumbani, alikuwa amelala chumba cha pili.

Nilimfundisha jambo moja la kazi hii. Ukisoma mazungumzo, zile "alisema" na "alijibu" zipitishe chini chini na haraka, na pale ambapo sauti ya mhusika inajulikana, zikate kabisa kwa penseli. Ni mwanafunzi mwepesi, hapo sina la kumlaumu.

Sura ya nne akaingia seremala, yule anayempenda mke wa mtu kitabuni. Mke wangu akateremsha sauti. Akawa anatulia kidogo kabla ya kila jibu, kama mtu anayevua miwani kwanza. Roho ikaniuma. Sauti ile naijua, ni ya mfamasia wa mtaani kwetu, na kule kutulia ni kwake. Seremala hakuwa na "alisema" hata moja, zote zimekatwa. Mume wa kitabuni, yeye alisomwa kama tangazo la maji kukatika, na kila neno lake limefungwa mkia: mumewe alisema, mumewe alisema.

"Rudia," nikamwambia. "Huyo seremala mrudishie 'alisema'."

"Wapi?"

"Kila anapofungua mdomo."

"Si wewe uliyenifundisha kuzikata?"

"Rudia."

Akarudia. "Karibu, alisema seremala. Kaa hapa, alisema seremala. Umechoka, alisema seremala." Ikawa kama maelezo ya kituo cha polisi, nami nikafurahi kwa roho mbaya. Lakini haikusaidia. Mwanamume yule alipenya tu katikati ya hizo "alisema", na mke wangu alitabasamu akimsoma. Nilimwona kupitia mwanya wa mlango wa kabati.

Nikatupa hedifoni kitandani. "Huyo ni mfamasia."

"Ndiye," akasema, bila hata kupepesa macho.

Nilitarajia akane, nimkamate na uongo wake.

"Nimemwibia sauti tu," akasema. "Hakuna kingine. Nikienda kuchukua dawa za mama ananiuliza mgonjwa anaendeleaje, halafu ananyamaza mpaka nimjibu."

"Na mume je? Kwa nini huyo wa kitabuni hana sauti? Mpe yangu, mume wako niko hapa. Naye mkatie hizo 'alisema', watu wamjue akianza tu kuongea."

Sikuwa natania. Nilitaka niwemo ndani ya kitabu kile, nisikike kumshinda mfamasia, nijue kama bado nina nafasi yangu kwake.

"Nilijaribu," akasema. "Wiki iliyopita, peke yangu humu. Nikamsoma mume kwa sauti yako, bila 'alisema' hata moja. Ilitoka wewe mtupu. Nikaifuta."

"Sasa mbona ukaifuta?"

Alizipanga karatasi zake mapajani.

"Mama alinisikia kutoka chumbani kwake. Nilipotoka nikamkuta amejikokota mpaka mlangoni, ameshikilia ukuta. Akaniuliza, 'Mwanangu, umemkosea nini tena mumeo leo?'"

Akaniangalia usoni.

"Na siku hiyo wewe ulikuwa kazini."