Prado kwa Ajili ya Mama Mkwe

Mimi sina ugomvi na gari. Gari ni bati na matairi, linakwenda linakopelekwa. Ugomvi wangu ni na watu wawili ninaowapenda, mume wangu Valens na mama yangu mzazi, ambao waliheshimiana mpaka nusura heshima hiyo imwachie mmoja wao kilema. Hata leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Mama yangu, Nyirabagenzi, alikuwa anaishi Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpaka, katika nyumba ileile aliyotulelea. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Walimpasua, wakamtia chuma, nami nikamleta huku kwetu Kamembe, kwenye chumba cha uani, maana mimi ndiye mtoto niliyebaki karibu. Daktari alitoa agizo moja tu: mazoezi. Mara mbili kwa wiki apelekwe hospitalini, mguu ukunjwe na kunyooshwa, la sivyo nyonga itakakamaa na hatatembea tena. Hakusema huenda. Alisema hatatembea.

Kwa mama, kukubali kulala katika ua wa mkwewe lilikuwa jambo zito. Yeye ni wa kizazi ambacho mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wakikutana mlangoni kila mmoja anarudi nyuma kumpisha mwenzake mpaka chakula kinapoa. Valens humwita Mabukwe, yaani mama mkwe, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwenye maungamo. Mama humwita Papa Mucyo, kwa jina la mwanetu wa kwanza, huku akiangalia chini. Nilikulia katika adabu hizo na sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka tuliponunua gari.

Mwanzoni tulikuwa tunampeleka hospitalini kwa taksi ya kukodi, gari dogo la chini. Mama aligeuka, akakaa kwenye kiti kwa mgongo, akavuta mguu mzima, halafu ule mbovu. Ilikuwa taabu, lakini aliingia mwenyewe, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha Valens, ambaye ni deklaranti pale mpakani Rusizi ya Pili, yaani anawatolea watu mizigo forodhani, akasema wakati umefika wa kuwa na gari letu. Watoto waende shule, balo zangu za vitenge zifike sokoni, Mabukwe aende mazoezini. Nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga.

Gasana, anayeuza magari juu kidogo ya stesheni ya mafuta, alikuwa na mawili yaliyotufaa. Moja RAV4 ya rangi ya fedha, la pili Prado nyeusi, ndefu, viti saba, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye RAV4. Nilifungua buti, nikapima kwa macho balo mbili na mabegi ya shule. Nikafungua mlango wa mbele, nikageuka mgongo, nikakaa kama mama anavyokaa. Kiti kilinipokea kwenye nyonga. Gasana akacheka, akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia anyamaze.

Valens alikuwa bado amesimama mbele ya Prado, mikono mfukoni.

"Uwineza, angalia hii. Hii njo gari ya muntu mukubwa."

"Muntu mukubwa gani? Weye?"

"Mabukwe! Bantu ba kanisa bamuone anashuka ndani ya gari ya maana, hapana ndani ya kasanduku."

"Na ataingia namna gani mule juu?"

"Iko na ngazi pembeni. Na barabara ya Gikundamvura je? Mvua ikinyesha, ile yako itabakia mu matope."

Gikundamvura! Huko tuna shamba la marehemu baba yake, na tunalitembelea Noeli na Pasaka, tena Pasaka nyingine tunaghairi. Hospitali ni kila wiki, shule ni kila siku, soko ni kila siku, na barabara zote hizo ni za lami. Nilimwambia hayo yote mbele ya Gasana, na sikupunguza sauti. Ile ngazi yenyewe ilinifika karibu na goti, na mimi nyonga zangu ni nzima.

Basi Valens akafanya jambo ambalo mtu yeyote angemsifu kwalo, na ndilo lililotuharibia. Akasema gari ni la kumpeleka Mabukwe, kwa hiyo Mabukwe ndiye atakayechagua. Akapiga picha zote mbili kwa simu. Jioni akapiga hodi kwenye chumba cha uani, akasimama nje ya kizingiti kama inavyotakiwa, akanyoosha mkono na simu. Picha ya kwanza kuonyesha ilikuwa RAV4, akaipitisha haraka. Ya pili akaiacha hapo, akaikuza kwa vidole, akasema, "Na hii ya pili, Mabukwe, njo Prado."

Mama hajui magari, lakini watu anawajua. Alimtazama Valens mkononi, si kwenye simu.

"Ile Papa Mucyo alipenda," akasema, "njo muzuri."

"Maman, sema ile unaweza kupanda!" nikapiga kelele kutoka nyuma.

"Miye niko sawa. Hakuna shida."

Valens akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nilitaka kulia. Mkwe amekuja mlangoni na zawadi, amenyoosha mkono. Mama yangu angemwambia nini? Angekufa kwanza. Valens aliona ameuliza, mama aliona amejibu, na mimi niliyeona kwamba hakuna aliyesema chochote nikaitwa mwanamke wa makelele.

Prado ikaja. Majirani wakaja kuipigia makofi, watoto wakagombania viti vya nyuma. Siku ya mazoezi, Valens aliomba ruhusa kazini, akavaa shati la Jumapili, akafungua mlango wa mbele na kusimama pembeni. Mama akatoka na fimbo yake. Akaiangalia ile ngazi. Akainua mguu mzima, lakini ule mbovu haukukubali kubeba mwili wote peke yake, akaurudisha chini. Akajaribu mguu mbovu kwanza; ukainuka kiganja kimoja, ukagoma. Valens akasogea na mikono yote miwili amenyoosha ili amnyanyue, na mama akaruka nyuma kama aliyeona moto.

"Niko na kizunguzungu," akasema. "Tutaenda siku ingine."

Nilimwambia Valens twende kwa taksi. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Gari jipya limesimama uani na mama mkwe apakiwe taksi, mtaa mzima ukiona? Nami nilipokwenda kuiita mwenyewe, mama alikuwa amejifungia chumbani. Mkwewe asiaibishwe.

Siku iliyofuata ya mazoezi alikuwa na kichwa. Halafu tumbo. Halafu mkutano wa sala, yeye ambaye hawezi kufika getini. Nikileta taksi anasema ameshapona, nikikasirika anasema nina sauti ya baba yangu. Nilikuwa namkunja mguu mwenyewe kitandani kama nilivyoona hospitalini wanafanya, na kila mara ulikunjika kidogo kuliko mara iliyopita. Alikuwa anauma kitenge asipige yowe. "Hainiumi," ananiambia, machozi yakimtoka. Nilitoka pale nikaipiga teke tairi la Prado mpaka kidole kikavimba.

Ndipo nikaleta kreti ya bia. Niliigeuza, nikaiweka chini ya mlango wa gari, nikamwambia mama leo anapanda, kwisha. Alipanda juu ya kreti huku ameshika bega langu. Kreti ikayumba. Mimi nikaenda upande mmoja, yeye upande mwingine, na Valens, aliyekuwa anatoka ndani na funguo, akaruka akamdaka. Alimdaka kiunoni, kwa mikono miwili, kifua kwa mgongo, na kwa sababu alishamwinua akamweka tu kitini. Mwanamume mwenye akili angefanya hivyohivyo. Lakini watoto wa jirani walikuwa kwenye ukuta wanaona.

Mama alikwenda hospitalini amejifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni. Mwalimu wa mazoezi aliukunja mguu, akaniangalia, akauliza kwa nini tulipotea. Kurudi nyumbani walimpandisha wahudumu wa hospitali wawili, na kwetu nikamshusha mimi na dada wa kazi, Valens amegeuka anaangalia ukuta.

Asubuhi yake nikamkuta mama amefunga begi.

"Nirudishe Bukavu," akasema. "Kwa dada yangu. Hapa nilishamaliza heshima."

Dada yake ni mzee kuliko yeye, nyumba yao iko juu kwenye mteremko wa udongo, na mazoezi kule nani angempeleka? Nilijua, na yeye alijua, kwamba anakwenda kukaa kwenye mkeka mpaka mwisho. Hapo nikapasuka. Nilitoka uani nikamkuta Valens anapangusa kioo, anapangusa kioo jamani, na nikamwambia kila kitu, kwa sauti ambayo nadhani walisikia mpaka soko la Kamembe.

"Hawezi kupanda! Tangu siku ya kwanza hawezi! Kichwa uongo, tumbo uongo! Ulimununulia kiti ya mufalme haina ngazi, na weye njo unataka kuwa ngazi!"

"Mbona hakusema?" Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nilimuuliza, Uwineza. Weye ulikuwa pale."

"Akuambie weye? Mukwe wake? Unatoka wapi, Valens, unatoka Ulaya? Na weye, Maman!" Nilikuwa nimegeukia mlango wa uani. "Utalemaa juu ya adabu! Ukifa, tuandike kwa kaburi kama ulikuwa muntu wa heshima?"

Valens aliweka kitambaa chini, akaingia kwenye Prado, akaondoka. Nikadhani amekwenda kazini kunikimbia, na nikamtukana nyuma ya vumbi lake. Mama alikaa juu ya begi lake mlangoni. Mimi nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jua lilipokuwa kichwani, geti likafunguka ikaingia RAV4 ya rangi ya fedha. Valens akashuka. Alikuwa hana furaha na hakujifanya anayo. Aliipenda ile Prado, nami simsingizii. Akafungua mlango wa mbele, kisha akaenda kusimama mbali, upande wa pili wa ua.

"Rudisha," mama akasema. "Papa Mucyo, enda uirudishe ile ingine."

"Gasana ameshaichukua, Mabukwe."

"Basi miye naenda mupaka. Na miguu yangu."

"Miguu gani?" nikamfokea. "Una muguu moja! Ingia, Maman. Ukitaka Bukavu, tutakufikisha mupaka kwa gari. Lakini ingia."

Nikatupa begi lake nyuma. Mama akaja mpaka kwenye mlango, akinung'unika, akageuka mgongo na kukaa. Akavuta mguu mzima. Ule mbovu aliushika gotini kwa mikono yake miwili, akauvuta polepole, ukaingia. Hakuna aliyemgusa. Valens akaingia upande wa usukani, mimi nikakaa nyuma na begi, tukatoka.

Na hapo mama yangu akaanza. Sijawahi kumsikia akiongea na mkwewe maneno zaidi ya kumi kwa mwaka, na sasa aliyamwaga yote.

"Gari muzuri vile! Unairudisha juu ya mwanamuke muzee? Batasema nini? Batasema Nyirabagenzi alikula gari ya mukwe wake!"

"Ndiyo, Mabukwe."

"Unaitika tu ndiyo, ndiyo! Juu ya nini haukuniuliza?"

"Nilikuuliza, Mabukwe."

"Uliniuliza ile unapenda weye! Haukuniuliza muguu!"

"Ndiyo, Mabukwe."

Alimgombeza kupita sokoni, akamgombeza kupita kwa Gasana, ambako Prado ilikuwa imesimama mbele kabisa na wote watatu tukajifanya hatuioni. Tukafika pale barabara inapogawanyika, moja ikishuka ziwani kwenda mpakani Rusizi ya Kwanza, nyingine ikienda hospitalini. Valens akasimamisha gari pembeni kabisa. Pikipiki zikampigia honi, hakujali. Kwa mara ya kwanza tangu anioe, alimgeukia mama akamtazama usoni.

"Mabukwe, tupite wapi? Mupaka ao hospitali?"

Mama akafungua mdomo kuendelea kumgombeza, akaufunga. Nilimwona mikono yake ikisugua lile paja. Nilitaka kumjibia, nikajizuia, na haikuwa rahisi.

"Muguu inaniuma, Papa Mucyo," akasema. "Inaniuma sana. Inaniuma tangu gari yako ilikuja."

Valens akawasha taa ya kukatia kona, akashika barabara ya hospitalini. Aliendesha taratibu, akikwepa kila tuta, na mama akaendelea kumwonyesha kwa kidole mahali panapouma.