Maandishi Chini ya Kidevu cha Kausar

Kausar alikuwa amefika mzunguko wa sitini na mbili mlango wa karakana ulipogongwa. Aliyekuwa akihesabu ni mama yake, Bi Parin. Macho ya Bi Parin yalizimika miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo kazi ya kusuka mota pale Igoma waliigawana: binti anazungusha waya wa shaba, mama anausikiliza ukikwaruza fremu na kuhesabu. Haikuwahi kutoka mota kwenye karakana ile ikiwa imepungukiwa hata mzunguko mmoja. Wenye pampu za kuvuta maji ziwani walilijua hilo, na wengine walivuka kutoka Sengerema kuwafuata.

"Shikamoo mama," alisema aliyegonga.

"Marahaba. Sitini na mbili," alijibu Bi Parin, asije akaisahau.

Mgeni alikuwa Wilhelmina, mtangazaji, na nyuma yake mpiga picha wake, Venant, ambaye pia ndiye aliyeandika maneno ya chini ya picha. Walikuwa wakitengeneza kipindi cha runinga kiitwacho "Machozi Nyuma ya Ushungi". Ushungi walikwisha kuupata. Sasa walikuwa wanatafuta machozi.

Kausar aliwaambia hana machozi ya karibu, ila ana mota ya mashine ya kusaga ya Ngosha, na wakitaka wanaweza kumpiga picha akiisuka. Wilhelmina alisema kazi ni nzuri sana, tatizo inapiga kelele. Akamwomba avue ovaroli, avae nikabu nyeusi waliyokuja nayo kwenye begi, asimame dirishani kwa ndani, nyuma ya nondo.

"Sijawahi kuvaa nikabu, dada," alisema Kausar. "Navaa ushungi, tena naufunga nyuma usinaswe na mashine."

"Ya dakika tano tu, dada yangu. Watazamaji wasipoona nondo hawaelewi."

Bi Parin alisikia sanduku la vifaa likiburutwa ili lisionekane kwenye picha. Kausar alikubali kwa sababu wale walikuwa wageni. Dakika tano zikala alasiri nzima. Walipomaliza, Venant alifungua soda akampa na yeye moja.

"Asante, kaka, nimefunga," alisema Kausar. Ilikuwa siku ya tisa ya Ramadhani.

Venant aliandika "nimefungwa". Huenda kidole kiliteleza, huenda aliona anamsahihisha mwanamke wa watu. Neno hilo ndilo lililofunga kipindi, likiwa limeambatana na filimbi ya huzuni.

Asubuhi iliyofuata baada ya kipindi kurushwa, maandishi yalikuwa yamekaa chini ya kidevu cha Kausar. Bi Parin hakuyaona. Alielezwa na Ngosha, aliyekuwa amefuata mota yake. Yalikuwa meupe yenye ukingo mweusi, yamening'inia shubiri moja kutoka kidevuni, na yalibadilika kila Kausar alipofungua mdomo.

"Kaka Ngosha, mota yako bado kidogo," alisema Kausar. "Njoo uichukue kesho."

Ngosha alisoma taratibu, kwa sauti: "Kaka, bado kidogo nife. Njoo unichukue." Akavuta pumzi. "Pole sana, mayu. Mimi ndoa za watu siziingilii." Akaondoka, na kesho yake hakuja.

Watu wa Igoma hawakuyashangaa maandishi. Filamu za nje wameshazisoma miaka mingi, na haya angalau yalikuwa makubwa. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyesikiliza tena. Jambo likishaandikwa, nani ana haja ya kumsumbua mtu arudie kwa mdomo? Kausar alijaribu kuyaziba kwa kipande cha boksi. Yalihamia juu ya boksi. Aliandika kwa chaki mlangoni, MIMI NI FUNDI, SIJAFUNGWA, na chini yake pakajitokeza: NIMELAZIMISHWA KUANDIKA HIVI. Wapita njia walisifu mwandiko wake.

Wanawake wenzake wa msikitini walikuja pia, na hao walikuja na hasira.

"Kausar, unatutukanisha mwezi mtukufu? Nani kakufunga?"

Alieleza yote, kuanzia soda. Walisoma mpaka mwisho, wakatoka bila kuaga. Hilo lilimuuma Bi Parin kuliko mengine yote, maana hao walikuwa wanaijua saumu, na midomo yao yenyewe ilikuwa mikavu.

Bi Parin peke yake ndiye aliyemsikia mwanawe kama alivyosema. Kausar alimwambia, "Mama, nimechoka," naye akasikia "nimechoka". Wakakaa wakishikana mikono juu ya meza ya kazi, na Bi Parin akamchukia Venant kwa moyo wote, akamchukia na herufi yake moja.

Siku ya nne Wilhelmina alirudi na kamera, na mwanamke aitwaye Hellen, msimamizi wa nyumba ya kuwahifadhi wanawake. Umati uliwafuata mpaka mlangoni. Hellen aliuliza mume yuko wapi. Mume, Altaf, alikuwa kaburini mwaka wa sita. Wakaishusha picha yake ukutani na kuitoa nje kama mtuhumiwa.

"Hata marehemu huwa wanafunga watu," alisema Hellen kwa upole.

"Mwanangu alisema amefunga!" Bi Parin alisimama. "Saumu! Nilikuwa hapahapa."

"Mama, wewe si huoni?" aliuliza Hellen.

"Nasikia."

"Basi hujaona alichosema."

Walimshika Kausar mikono yote miwili. Bi Parin alisikia kucha zikikwaruza meza. "Niacheni!" Kausar alipiga kelele. "Siendi popote! Mama yangu atabaki na nani?" Umati ulisoma kwa pamoja, kama darasa la kwanza: "Twendeni haraka! Kabla hajarudi!" Wakapiga makofi. Wengine walilia kwa furaha, na kweli walikuwa na furaha.

Nyumba ya Hellen ilikuwa na ukuta mrefu na geti lenye kufuli, na ufunguo ulikaa kwa Hellen. Simu ya Kausar waliichukua kwa usalama wake, kwa kuwa kwenye simu hakuna maandishi na mtu anaweza kusikia vibaya. Bi Parin aliomba mara tatu kupelekwa huko. Aliambiwa ndugu wa mume hawaruhusiwi. Alisema yeye ni mama mzazi. Aliambiwa wote husema hivyo.

Kila asubuhi alikaa mezani akaishika mota ya Ngosha, waya ukiwa umekomea palepale sitini na mbili tangu siku ya kamera. Jirani yake, Bernadeta, alimletea futari kila jioni na hakumuuliza kitu.

Siku ya Idd kipindi cha pili kilirushwa. Bernadeta alimshika Bi Parin mkono akampeleka sebuleni kwake, ambako majirani walikuwa wamejaa mpaka mlangoni.

"Kausar, dada yangu," ilisikika sauti ya Wilhelmina, "umekaa mahali salama sasa. Tuambie kwa neno moja tu. Unajisikiaje?"

Bi Parin alisikia mwanawe akivuta pumzi. Kisha ikaja sauti ileile anayotumia kumweleza mteja ubovu wa mota yake, bila hasira:

"Nimefungwa."

Bi Parin aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza mdomo ulikuwa umesema kilekile ambacho maandishi yalikuwa yakikidai siku zote. Hapakuwa na herufi ya kuongeza wala ya kupunguza. Alifurahi, akaona haya kufurahi kwa neno kama lile, akafurahi tena. Sasa watasoma, alijiambia. Sasa watamrudisha.

Watu walisubiri kusoma. Maandishi yalichelewa kidogo. Kisha makofi yakalipuka, na mtu akapiga kigelegele.

"Yanasemaje?" aliuliza Bi Parin.

"Nimefunguliwa," alisoma Bernadeta kwa raha. "Hongera, mama. Mwanao kafunguliwa."

"Ongezeni sauti. Nawaombeni, ongezeni sauti."

Bernadeta alichukua rimoti akapunguza, maana watu walikuwa bado wanasoma.