Mikono ya Babu

Fundi magari yule, ambaye hata marehemu mkewe alimwita Grisi, alimpata mjukuu wa kwanza akiwa keshaota mvi. Alipokwenda kumwona, mkamwana wake aliitazama mikono yake, akambeba mtoto na kumrudisha chumbani. Hakumtukana. Alisema tu mtoto bado mchanga, baba anawe kwanza.

Akanawa. Lakini weusi wa miaka ya kuchokonoa injini hautoki kwa maji. Kesho yake gereji akachota sabuni ya chengachenga, ile inayokwaruza kama msasa, akasugua mpaka viganja vikawaka moto. Alipoona bado, akaichanganya na mchanga. Wenzake wakamtania kwamba mzee anajiandaa kuoa. Naye akacheka, maana siku hizo bado alikuwa na matumaini.

Ngozi ikakauka, ikapasuka vifundoni, na kila ufa ukanywa oili. Kadiri alivyosugua ndivyo weusi ulivyozidi kuzama. Petroli ikigusa, machozi yanamtoka. Akaenda hivyo hivyo kwa mwanawe. Mkamwana alipoona nyufa zinatoa majimaji, akauliza kama ugonjwa huo hauambukizi. Fundi akamgeukia mwanawe.

"Baba, pona kwanza," mwana akasema, macho sakafuni. "Haraka ya nini?"

Zahanati, muuguzi akamwambia amejimenya mwenyewe: zile chenga zimekwangua mafuta ya ngozi, na ngozi isiyo na mafuta haina mlinzi. Aachane na sabuni ile, atumie iliyo laini, ajipake mafuta mazito, avae glavu kazini. Akatii. Lakini ngozi ya mzee haiharakishwi. Miezi ikapita, kidonda kikifunga huku kingine kikifumuka. Akipiga simu, anaambiwa mtoto amelala.

Siku aliyobisha hodi na mikono mizima, mjukuu alikuwa anatembea. Alimkodolea macho babu yake, kisha akakimbilia gauni la mama.

"Usiogope," mkamwana akamwambia mtoto, kwa upole kabisa. "Msalimie mgeni."

Mtoto akanyoosha mkono. Fundi akaupokea kwa ncha za vidole, akauachia upesi, akasema kuna gari la mtu linamngoja gereji. Mwanawe akamsindikiza hadi getini, njia nzima akiisifu mikono ile, jinsi ilivyopona vizuri.